Usiuze Nyumba kwa Kusikia Habari

Ilikuwa jioni moja ya mwezi wa Mei, mwaka 2015. Tulikuwa tumetoka zamu, hata chai hatujanywa, mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisa akabisha hodi. Alipokaribishwa kiti, hakukaa.

"Sista, mume wangu amepiga simu kutoka Dar es Salaam," alisema. "Amesikia redioni kwamba Kigoma imejaa kipindupindu na wakimbizi. Anataka nyumba ya Gungu iuzwe upesi, nimfuate na watoto. Dalali ameshaleta mnunuzi."

Tulimwuliza mnunuzi anatoa kiasi gani. Alipotaja, tukanyamaza. Fedha ile isingerudisha hata gharama ya tofali na mabati, sembuse kiwanja na miaka saba ya kujinyima.

Je, mama mwenzetu, wewe ungefanyaje?

Habari ilikuwa ya kweli, lakini si yote

Hatusemi kwamba watangazaji walidanganya. Mwezi ule maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha mwambao wa Ziwa Tanganyika karibu na mpaka. Nyuma yao milima, mbele yao maji. Vyoo havikutosha, na wengi walikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha. Kipindupindu kikazuka, na katika wiki chache wagonjwa wakapita 3,000. Meli ya MV Liemba iliwaleta wakimbizi mjini, wakapumzishwa katika uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu.

Lakini Kagunga si Gungu. Kutoka mjini hadi Kagunga ni safari ya saa kadhaa kwa boti, na Nyarugusu iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Tatizo ni kwamba mkoa, wilaya na mji vyote vinaitwa Kigoma. Mtangazaji akisema "Kigoma", msikilizaji wa mbali huona mitaa ya Mwanga, Katubuka na Ujiji imejaa wagonjwa.

Tena tukumbuke jambo moja. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaanzia Kinondoni. Hatukusikia mtu yeyote akishauriwa kuuza nyumba yake ya Kinondoni kwa bei ya kutupa. Ugonjwa ulikuwa uleule. Jina la mji ndilo lililotofautiana.

Jina baya la siku nyingi

Jina hili halikuanza mwaka 2015. Wakati wa utawala wa Waingereza, vijana wa Kiha waliandikishwa kwa wingi kwenda kufanya kazi za manamba katika mashamba ya mkonge, hasa Tanga. Huko walidharauliwa kuwa ni watu wa bara kabisa. Baadaye yakaja masimulizi ya uchawi, ambayo mpaka leo huwachekesha watu katika michezo na filamu. Kisha wakaja wakimbizi wa Burundi mwaka 1972 na 1993, na wa Zaire mwaka 1996, na Muha akaanza kuulizwa kama kweli ni raia. Hata reli, iliyofika hapa mwaka 1914 na kuujenga mji, iligeuzwa kuwa neno la dhihaka: "mwisho wa reli".

Nasi hatujitoi katika kosa hili. Mwaka 2004, tulipomaliza stashahada ya uuguzi na kupangiwa kazi Kigoma, tulilia. Mama yetu mzazi alitufungia mzigoni chupa ya mafuta ya kujikinga na wachawi. Tulipofika, jirani wa kwanza alituletea ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, akakaa nasi mpaka usiku ili tusijione wageni. Chupa ile tuliitupa.

Jina baya lina bei yake

Akina mama wengi hudhani kashfa ya mji ni maneno tu. Sivyo. Mfanyakazi anayehamishiwa hapa huiacha familia yake alikotoka, akapanga chumba kimoja badala ya nyumba. Kijana wa Kigoma aliyefanikiwa hujenga Dar es Salaam. Wanunuzi wakiwa wachache, dalali humwambia muuzaji: "Nani atanunua Kigoma? Chukua hiki upate nauli." Na siku ya habari mbaya, wauzaji wenye hofu huwa wengi kuliko wanunuzi, hapo ndipo mwenye fedha na subira hujipatia nyumba kwa bei ya banda.

Tunamfahamu mama mwingine, wa Mwanga, ambaye yeye na mumewe waliuza mwaka ule. Waliishi kwa ndugu Dar es Salaam hadi fedha ikaisha, wakarudi. Leo wamepanga vyumba viwili, na njia yake ya sokoni hupita mbele ya nyumba aliyoijenga. Aliyeinunua aliipangisha kwa watumishi wa mashirika yaliyokuja kuwahudumia wakimbizi. Habari ileile iliyomtisha muuzaji ndiyo iliyomletea mnunuzi wapangaji. Mama huyu hakulaumu redio. Alituambia tu, "Sista, hatukuuliza mtu."

Ya kweli tusiyafiche

Kuupenda mji si kufunika kasoro zake. Miaka ya karibuni maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda, yakaingia katika nyumba na biashara za mwambao. Anayeuza kiwanja karibu na ziwa bila kumwambia mnunuzi habari hiyo anamwibia. Maji ya kunywa bado yanapaswa kuchemshwa au kutiwa dawa, na mikono inawiwe kwa sabuni. Haya yatangazwe kwa sauti.

Lakini na mengine yatangazwe. Watu wa mkoa huu walikuwa 2,127,930 katika sensa ya mwaka 2012; mwaka 2022 walikuwa 2,470,967. Mwezi wa Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Mji unaokimbiwa haujengewi reli ya pili.

Kabla ya kuuza au kununua

1. Ukisikia habari ya kutisha, uliza: imetokea kijiji gani, wilaya gani? Mpigie simu mtu anayeishi hapo.

2. Usikubali bei siku ileile. Uliza wauzaji wengine wa mtaa huo, na ujumlishe gharama zako zote.

3. Nenda serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi ya Manispaa, ukahakikishe mipaka na hati. Kama ni karibu na ziwa, waulize wazee maji yalifika wapi.

4. Kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama imeandikwa kwa jina la mmoja. Unaweza pia kuiwekea zuio.

5. Zungumza na mwenzako ana kwa ana, si kwa simu yenye hofu.

Aje ajionee

Mama wa Gungu hatukumwambia amkatalie mumewe. Tulimshauri amwombe aje ajionee, kama Filipo alivyomfanyia Nathanaeli alipoidharau Nazareti. Usiku ule alimpigia: "Baba, nyumba ni yetu sote. Njoo uione kwanza, kisha tutaamua pamoja."

Alikuja kwa basi baada ya siku tisa. Alipita mtaani, akazungumza na majirani, akatuuliza maswali mengi juu ya maji na vyoo. Nasi tulimjibu kama wauguzi, bila kumpamba mtu. Jioni alimwambia dalali asirudi tena.

Nyumba ile ipo. Sebule wamekwisha kuipiga plasta, na kikundi chetu hukutania hapo kila Alhamisi.

Mama mwenzetu, kesho ukisikia mji wa mtu unasemwa vibaya, uliza kwanza. Huenda kuna mama ndani ya mji huo, ameshikilia kalamu, anakaribia kutia saini.