Juma Moja Bila Kuogesha Ng'ombe

Mfugaji mwenzangu, kabla hujaanza kusoma, hebu nikuulize swali moja. Ng'ombe wako waliogeshwa siku gani mara ya mwisho? Ikiwa waweza kuitaja siku hiyo bila kufikiri, wewe ni mfugaji hodari. Lakini ikiwa ni lazima kwanza umwulize mchungaji, soma habari hii mpaka mwisho, maana ni habari yangu mimi mwenyewe.

Kwetu ni Lugari, katika shamba alilopata babu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa. Ng'ombe wake wa kwanza wa gredi alimnunua kwa mkopo, akaulipa kidogo kidogo kwa fedha za maziwa. Alikuwa akituambia, "Ng'ombe akifa, deni halifi." Sisi watoto tulicheka tu.

Kazi isiyo na sikukuu

Wewe wazijua kazi za mfugaji. Saa kumi na moja alfajiri mama huwa amekwisha kuosha kiwele kwa maji ya moto na kuanza kukamua, ili maziwa yafike barabarani kabla gari halijapita. Halafu ni kufagia banda, kunywesha ndama, kukata mabingobingo na kuteka maji. Ng'ombe mmoja wa maziwa aweza kunywa debe tatu au zaidi kwa siku, na akipunjwa maji, maziwa nayo hupunguka siku hiyo hiyo. Jioni kazi huanza tena. Ng'ombe hajui Krismasi wala matanga.

Kwa sababu kazi ni nyingi hivyo, mtu hutafuta ile anayoweza kuiahirisha. Hapo ndipo nilipokosea.

Miaka michache iliyopita josho letu la kijiji liliishiwa na dawa. Mama alinipa fedha za kununua dawa ya kunyunyizia ng'ombe hapa nyumbani. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, nami nilikuwa na taarifa za kuandika ofisini. Nikasema, "Juma lijalo, Mama." Juma lililofuata nikasema vivyo hivyo. Katika juma la tatu mama alinipigia simu asubuhi: "Baba, mtamba wetu hali, na chini ya masikio amevimba."

Mtamba huyo alikuwa na mimba ya miezi saba. Maziwa yake ndiyo tuliyokuwa tukiyangojea kwa karo ya dada yangu mdogo. Daktari wa mifugo alifika siku ya nne, kwa kuwa mimi nilichelewa kumwita nikidhani ni mafua tu. Siku ya sita mtamba alikufa, povu likimtoka puani, na ndama akiwa tumboni. Dada yangu alikaa nyumbani muhula mzima. Wengi walikuja kutupa pole wakisema ajali haina kinga. Lakini ile haikuwa ajali. Kinga ilikuwapo, na fedha zake zilikuwa mfukoni mwangu.

Kupe hufanyaje kazi yake?

Ugonjwa huo ni ndigana kali. Huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa ndani ya sikio. Kupe huyo akiwa mchanga hunyonya damu ya ng'ombe mwenye vijidudu vya ndigana, kisha huanguka chini na kujibadilisha majanini. Akisha kukua hupanda ng'ombe mwingine na kumwambukiza.

Shika sana jambo hili: kwa kawaida kupe haambukizi ndigana mara tu anapouma. Hunyonya siku tatu au nne hivi kabla vijidudu havijawa tayari kuingia katika damu. Ndiyo maana tunasisitiza kuogesha kwa ratiba. Dawa inayofika mapema humkuta kupe kabla hajamaliza kazi yake, lakini ukichelewa dawa humwua kupe aliyekwisha kuambukiza.

Mambo ya kufanya

1. Chagua siku moja ya juma, uiandike ukutani. Kupe wakiwa wengi, mwulize afisa wa mifugo kama yafaa kuogesha mara mbili kwa juma.

2. Wanyweshe ng'ombe maji na uwapumzishe kabla ya josho, wasije wakanywa dawa.

3. Ukitumia bomba la mkono, usiharakishe. Inua mkia, nyunyizia tumboni na mapajani, kisha malizia ndani ya masikio, maana huko ndiko adui aliko.

4. Pima dawa kama ilivyoandikwa katika chupa. Dawa iliyozidishwa maji haiui kupe, bali humzoeza.

5. Kila asubuhi pitisha mkono chini ya masikio na mbele ya bega. Ukikuta tezi zimevimba, na ng'ombe ana homa au ameacha kula, mwite daktari siku hiyo hiyo. Iko dawa ya buparvakwoni inayoponya, lakini huponya vizuri ikitolewa mapema. Ng'ombe akisha kuanza kuhema kwa shida, matumaini ni madogo.

6. Uliza habari za chanjo ya ndigana kali, iliyotengenezwa Muguga katika miaka ya 1970. Hutolewa na daktari mara moja kwa ng'ombe mwenye afya njema, hata ndama wa mwezi mmoja. Lakini chanjo hiyo haizuii ndigana baridi wala ugonjwa wa mkojo mwekundu, ambao pia huletwa na kupe. Kwa hiyo hata ukichanja, usiache kuogesha.

Sasa kwetu siku ya kuogesha ni Jumamosi. Mama ameiandika kwa chaki juu ya mlango wa banda, nami hushika bomba mwenyewe, taarifa ziwepo zisiwepo. Mtamba mwingine tulimpata baada ya miaka miwili ya kuweka akiba, naye sasa anakamuliwa.

Basi, bwana mfugaji, nawe mama mfugaji, nauliza tena: ng'ombe wako waliogeshwa lini? Ikiwa jibu ni "juma lijalo," weka gazeti hili chini, uende sasa hivi ukachungulie masikio yao.