Pingili ya muhogo mpakani na nyigu aliyetufuata

MTU anayerudi kwao hubeba alichonacho. Katika mpaka wa Kabanga na Kobero nimewaona ndugu zetu wanaorejea Burundi kutoka Tanzania wakiwa na masufuria, magodoro, kuku na fungu la miti ya muhogo ya kupanda. Nawaelewa, kwani mwenye pingili ana shamba. Hata hivyo, pingili hiyo hiyo yaweza kuvusha njaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa maeneo ya Kinshasa na Brazzaville waliona ncha za mihogo yao zikijikunja na majani yakipukutika. Kwenye majani kulikuwa na wadudu wenye unga mweupe, yaani vidung'ata. Asili yao ni Amerika ya Kusini, kama ilivyo ya muhogo wenyewe, ulioletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Jike huzaa bila dume, hivyo mmoja tu aliyejificha kwenye pingili anatosha kuambukiza shamba. Wadudu hao walienea nchi baada ya nchi, na kuna mashamba yaliyopoteza hadi asilimia 80 ya mavuno.

Kwao hawakuwa balaa, kwa sababu huko wana adui. Walipovuka bahari, adui huyo alibaki nyuma. Watafiti walimfuata, na mwaka 1981 akapatikana Paraguay: nyigu asiyezidi milimita mbili. Alichunguzwa kwanza Uingereza, kisha mwaka huo huo akaachiwa mashambani Ibadan, Nigeria. Kazi hiyo iliongozwa na Mswisi Hans Herren wa taasisi ya utafiti ya IITA, aliyepata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidung'ata. Buu humla mwenyeji wake kutoka ndani, akabaki ganda kavu la kahawia, na nyigu mpya hutoka. Kufikia mwaka 1990 alikuwa ameota mizizi katika nchi zaidi ya 20 za Afrika, na mkulima hakutoa hata senti moja. Vidung'ata hao walipoingia Thailand mwaka 2008, nyigu wa kuwadhibiti walitolewa Benin.

Kwa wafanyabiashara na wanaorejea, nina mambo matatu ya kusisitiza. Kwanza, usikimbilie kupulizia muhogo dawa ya wadudu. Nyigu hufa pia, na vidung'ata wanaosalia huzaliana bila wa kuwazuia. Weka samadi na matandazo, maana kwenye udongo uliochoka nyigu huyo hafui dafu.

Pili, batobato na michirizi ya kahawia ni magonjwa ya virusi. Hayo hayana nyigu. Husafiri ndani ya pingili, na shina lenye michirizi laweza kuonekana zima kabisa. Chukua mbegu kwa wazalishaji waliokaguliwa katika nchi unakokwenda kulima, na ukiwa na miti mkononi, waoneshe wakaguzi wa mimea mpakani badala ya kupita njia za panya.

Tatu, biashara isimame kwenye chakula, si kwenye miti. Unga na makopa makavu havipandikizi batobato, ila makopa yakaguliwe dumuzi kabla ya kufungwa kwenye magunia.

Adui wa kidung'ata alitafutwa ng'ambo ya bahari. Adui wa batobato kali hatujaletewa, hivyo kinga yake ni sisi tunaovuka.