Kasulu na Kibondo Husomwa Barabarani

Wageni wengi wanaofika Kigoma huishia kandokando ya ziwa. Huenda Ujiji kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, hupanda boti kwenda Gombe kuangalia sokwe, kisha hurudi makwao wakijisifu kwamba wamefika mwisho wa reli. Nyanda za juu za Buha, yaani Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, hawazifikii. Wanaozipita ni abiria wa mabasi ya Mwanza, na wengi wao huzipita wakiwa wamelala.

Siwalaumu. Mtu akiambiwa kuna mji wa historia, macho yake hutafuta jengo. Amezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar na magofu ya Kilwa Kisiwani, au amesoma habari za Hoi An ya Vietnam na Luang Prabang ya Laos, miji ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia katika miaka ya 1990 kwa sababu nyumba zake za kale bado zimesimama. Akija Kasulu hana atakachokiona cha namna hiyo. Falme za Buha zilijengwa kwa miti, nyasi, ng'ombe na makubaliano baina ya watu. Nyumba ya mfalme ilikuwa msonge, mkubwa kuliko ya wengine lakini msonge tu, na mchwa hawabagui. Kilichosalia ni jinsi watu walivyokaa juu ya ardhi yao, na mtu anayejua aangalie nini anaweza kusoma miaka 150 ya historia akiwa dirishani mwa basi.

Aanzie Heru Juu, jirani na mji wa Kasulu. Hapo ndipo palipokuwa makao ya mwami wa Heru, mmoja wa wafalme waliogawana Buha. Upande wa Kibondo walitawala wa Muhambwe, na kaskazini zaidi, Kakonko ya leo, wa Buyungu. Majina hayo hayakufa: mbunge wa Kibondo ni mbunge wa Muhambwe, na wa Kakonko kwa miaka mingi alikuwa wa Buyungu. Chini ya mwami walikuwapo watwale, waliosimamia sehemu za nchi kwa niaba yake. Pembeni yao walikuwapo wateko, wenyeji wa zamani zaidi, waliogawa ardhi na kufanya matambiko yake. Mgeni aangalie mgawanyo huo wa madaraka. Mwami alikuwa na ng'ombe, mteko alikuwa na ardhi, na hakuna aliyeweza kutawala bila mwenzake. Mtu asiye na mifugo alipewa ng'ombe amtunze, naye akalipa kwa utumishi na utii. Kwa hiyo ng'ombe wa pembe ndefu unaowaona leo wakivuka barabara walikuwa siasa kabla ya kuwa nyama na maziwa.

Mtawala wa mwisho mashuhuri wa Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyeshika kiti tangu miaka ya 1940 hadi utawala wa machifu ulipofutwa kwa sheria mwaka 1963. Katika Tanganyika ya wakati huo machifu wanawake walihesabika kwa vidole. Ajabu ni kwamba wanafunzi wetu wanamfahamu Mkwawa na Mirambo, lakini ukiwauliza habari za Theresa Ntare wanakukodolea macho.

Ukitaka kujua falme hizi zilikuwa na nguvu kiasi gani, kasome safari ya Stanley mwenyewe. Kabla ya kufika Ujiji alipaswa kukatiza kusini mwa Buha, na huko kila mtwale alimdai hongo, yaani ushuru wa kupita. Alilipa vitambaa, akapiga hatua chache, akadaiwa tena. Alipoambiwa kwamba mbele yake bado wapo wengine wanaomsubiri, aliajiri waongozaji, akaondoa msafara wake usiku kwa kunyata porini. Vitabu vingi vinaisimulia habari hiyo kana kwamba Waha, watu wa Buha, walikuwa wanyang'anyi. Mimi naiona kama forodha iliyofanya kazi yake, na msafiri aliyekwepa kodi.

Sasa tuingie barabarani. Kutoka Kidahwe, karibu na Kigoma, hadi Kasulu ni kilomita 63 za lami, na kutoka Kasulu hadi Kibondo ni kama kilomita 150 kupitia Makere na Mvugwe. Angalia vijiji. Vimejipanga mstari kando ya njia: nyumba, migomba, nyumba, migomba, kisha shamba linaloteremka nyuma kuelekea bondeni. Halafu ghafla vinakatika, unapita msitu wa miombo kwa muda mrefu bila kuona moshi, kisha kijiji kingine kinaanza. Abiria hudhani watu wamefuata barabara kwa ajili ya biashara. Hilo ni kweli kidogo tu. Sehemu kubwa ya watu hawa hawakufuata barabara. Waliletwa.

Zamani Waha waliishi kwa kutawanyika, kila ukoo kwenye kilima chake, na mashamba na malisho yakawa yanaufukuza msitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, Buha ikiwamo. Ng'ombe walipokufa, vichaka vilirudi. Vichaka viliporudi, mbung'o walifuata, na pamoja nao ugonjwa wa malale. Ndipo serikali ya Waingereza, katika miaka ya 1930, ilipowahamisha maelfu ya watu wa Kasulu na Kibondo kutoka vilimani na kuwakusanya katika makazi maalumu, ili wafyeke eneo kubwa kwa pamoja na mbung'o wakose kivuli. Ardhi waliyoiacha ikageuka pori moja kwa moja. Sehemu ya misitu unayoipita leo na kuidhani ya tangu kuumbwa kwa dunia ilikuwa mashamba ya watu.

Kulikuwapo pia kuhama kwa namna nyingine. Waingereza waliichukua Kigoma kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1921, wakaigeuza kuwa hazina ya vibarua. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuandikisha wafanyakazi. Wanaume wa Buha walipanda treni kwenda kuwa manamba, wengine kwa mwaka, wengine moja kwa moja. Ndiyo maana ukipita Korogwe au Kilosa utakuta familia za Waha ambazo babu zao walitoka Kasulu. Na ndiyo maana pia kwa miaka mingi barabara za huku hazikujengwa: nchi inayotazamwa kama mahali pa kutolea watu haijengewi njia ya kupitisha mazao.

Kisha ikaja mwaka 1972 na Operesheni Kigoma. Serikali ya TANU iliamua kuwatoa watu walikotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa, karibu na barabara, ambako shule, zahanati na maji vingeweza kufika. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufanyiwa hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Shule zilipatikana, hilo hakuna anayelikana. Lakini mashamba ya migomba na miti ya makaburi ya mababu ilibaki kule vilimani. Muulize mzee yeyote wa kijiji cha kando ya barabara nyumbani kwao ni wapi, na mara nyingi mkono wake utanyooka kuelekea kilima kisicho na nyumba hata moja. Huo mkono ndio makumbusho ya Buha.

Masoko hayahitaji maelezo marefu, yanahitaji muda. Manyovu, upande wa Buhigwe, ni mpakani na Burundi, na baridi yake inafaa kahawa na tangawizi. Mabamba, upande wa Kibondo, nako ni mpakani. Kiha na Kirundi husikilizana bila mkalimani, kwa hiyo usipokuwa makini hutajua muuzaji ametoka ng'ambo ipi. Utakuta maharage ya rangi kumi, unga wa muhogo mweupe, mawese yaliyopanda kutoka ukanda wa ziwa, na migebuka mikavu iliyosafiri njia hiyohiyo. Kaa uangalie salamu. Mtu mzima akikutana na mkubwa wake huchutama kidogo, hupiga makofi ya taratibu, viganja vikigusana bila kelele, huku akisema mwidiwe na kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Salamu inaweza kumaliza dakika tatu. Mgeni anayerusha "mambo" akiwa anatembea ataitikiwa kwa upole, ila bei yake itakuwa ya mgeni.

Ukifika Kibondo, nunua asali. Wafugaji wa nyuki hapa bado wanatumia mizinga ya magome na ya magogo, huitundika juu ya miombo, na hurina usiku kwa moshi. Gome la mzinga huvuliwa zunguko zima kutoka kwenye mti mzima, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Ndiyo maana maofisa misitu wanahimiza mizinga ya mbao. Asali ya miombo ni ya kahawia, nzito, na harufu yake ina moshi kidogo. Huuzwa katika chupa za maji zilizotumika na madumu ya lita 20. Wengi huogopa wakiona imeganda chini ya chupa kama sukari, wakadhani wametapeliwa. Asali halisi huganda, hasa mahali pa baridi kama hapa penye mwinuko unaopita mita 1,200, kwa sababu glukosi iliyomo hujitenga na kuwa chembechembe. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itarudi. Usiichemshe, maana ukifanya hivyo umeiua harufu yake.

Mashariki ya Kibondo nchi inateremka kwenye mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi. Mto Malagarasi una vituko vyake: unazaliwa vilimani mpakani na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika, kisha unalipa ziwa mgongo, unazunguka kilomita 475 kupitia mabwawa, na mwishowe unarudi kumwaga maji katika ziwa lilelile. Ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, zaidi ya hekta milioni 3, ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Humo anaishi korongo-nyangumi, ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao, anayeweza kusimama bila kutikisika hadi samaki amsahau. Lakini niseme ukweli: huko si kwa matembezi ya siku moja. Pori la Akiba Moyowosi lina vibali vyake, mbung'o wake na matope yake, na anayejipanga aende Juni hadi Septemba au asiende kabisa.

Jambo moja usilifanye: kuzuru kambi za wakimbizi. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, zimeigusa historia ya wilaya hizi kuliko kitu kingine chochote cha miaka 30 iliyopita. Masoko yalikua, kuni zilipungua, hospitali zilipata wagonjwa na fedha kwa pamoja. Kambi hizo si kivutio. Haziingiliki bila kibali cha serikali, na hata kingekuwapo, mtu aliyekimbia vita hajakaa pale ili apigwe picha. Ukitaka kujua habari zao, sikiliza wenyeji waliouziana nao mihogo.

Kwa hiyo ratiba yangu kwa msafiri ni fupi. Alale Kasulu, asubuhi apande Heru Juu akiwa na mwenyeji, na kabla ya kuwauliza wazee chochote apite ofisi ya kijiji ajitambulishe. Siku ya soko aende Manyovu. Safari ya Kibondo aifanye mchana, na dirishani akae yeye, simu ikiwa mfukoni.

Na kwa halmashauri za Kasulu na Kibondo, pamoja na Makumbusho ya Taifa, nina ombi. Lami kutoka Kabingo hadi Manyovu, mradi wa kilomita 260, inaleta wageni ambao zamani wasingefika. Wekeni kibao Heru Juu kinachomtaja Mwami Theresa Ntare. Wekeni kingine katika kijiji kimoja tu cha Operesheni, kieleze watu wake walitoka vilima gani. Na mrekodi sauti za wazee mwaka huu, kwa sababu aliyekuwa na miaka 20 alipohamishwa mwaka 1972 sasa amekwishapita 70.