Kosa Dogo kwa Nani?

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia, hata hivyo, la kufanya iwapo nyufa ni mia na fundi ni mmoja, tena hana ujira. Swali hilo aliniletea nyumbani Kilifi mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, siku za likizo.

Kijana huyu hucheza mchezo wa kompyuta ambao wachezaji wake hukutana kupitia intaneti. Kampuni iliyouunda iliutupa zamani. Mashabiki ndio wanaoendesha seva kwa kujitolea. Jambo hili si geni. Mchezo wa City of Heroes ulifungwa na kampuni ya NCsoft mwezi Novemba 2012. Mashabiki waliufufua, na kundi la Homecoming likafungua seva yake kwa umma mwaka 2019. Idhini ya kampuni waliipata Januari 2024.

Seva ya mpwa wangu ni nyingine. Jioni moja mwenziwe alimtokea ghafla mchezoni, naye akaandika, "Umenishitua!" Papo hapo akanyamazishwa kwa saa nzima. Chujio la matusi lilikuwa limeona ndani ya neno hilo herufi nne ambazo kwa Kiingereza ni neno chafu. Aliripoti. Jibu lilikuwa fupi: hitilafu ndogo, itasubiri.

"Mjomba," aliniuliza, "kunyimwa lugha yangu ni jambo dogo?"

Sikumjibu upesi, kwa kuwa nami ni mwalimu. Mbele ya rundo la insha, hakuna mwalimu awezaye kulipa kila kosa uzito mmoja. Herufi kubwa iliyosahauliwa yaweza kusubiri. Lakini mwanafunzi aandikapo "ngoa" akikusudia "ng'oa", ameleta wivu mahali pa jembe, na kalamu nyekundu lazima isimame. Kwa hivyo siwalaumu mafundi hao kwa kupanga. Wasipopanga, hitilafu inayofuta akiba ya wachezaji wote itangoja nyuma ya kofia iliyokosewa rangi.

Ninachohoji ni kipimo chao. Bugzilla, programu ya kuorodhesha hitilafu iliyotolewa na mradi wa Mozilla mwaka 1998, hutenganisha mambo mawili: uzito wa hitilafu na kipaumbele chake. La kwanza huuliza mtambo umeharibika kiasi gani; la pili huuliza tuanze na lipi. Hitilafu yaweza kuwa nyepesi kwa mtambo ikawa nzito kwa mtu. Mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujiandikisha katika huduma ya AOL kwa sababu chujio liliona tusi ndani ya jina la mji wao. Mtambo ulikuwa mzima. Watu ndio waliofungiwa mlango.

Basi kila hitilafu ndogo na iulizwe maswali matatu. Inamuumiza nani, na je, ni yule yule kila mara? Anayo njia ya kuikwepa? Kuitengeneza kutachukua muda gani? Kofia humkera kila mtu kidogo. Chujio humpiga Mswahili peke yake, kila aandikapo mashitaka au mshituko. Kweli, angeweza kuandika "umenishtua", na kamusi zinamruhusu. Lakini kwa nini mtu abadili tahajia yake ili kuliridhisha chujio lisilojua lugha yake?

Hata hivyo, ripoti ya kwanza ya mpwa wangu ilikuwa lalamiko tupu. Tuliketi tukaiandika upya: alichoandika, alichotarajia, kilichotokea, na orodha ya maneno ya Kiswahili yenye herufi hizo, ili fundi ayaruhusu yote kwa mara moja. Kazi ya siku nzima tuliifanya ya dakika chache.

Ripoti hiyo sasa imo foleni pamoja na nyingine. Walimu wenzangu, tunawafundisha wanafunzi barua rasmi na kumbukumbu za mikutano. Tuwafundishe pia kueleza kosa kwa namna ambayo mtu aliye mbali, asiyejua lugha yao, ataelewa kwa nini si dogo.