Mgonjwa wa mapafu akikatiza dawa, huenda hakuelezwa

Kwa miaka mingi mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa kabla ya kumaliza matibabu alihesabiwa kuwa mtoro au mkaidi. Hata hivyo, utoro huo aghalabu huanzia katika chumba cha daktari, kwa jambo ambalo halikusemwa au lilisemwa likaeleweka vingine.

Katika mji kama Moi's Bridge, uliojulikana zamani kama Hoey's Bridge, nafasi ya kutoelewana ni kubwa. Mji huo wa mahindi uko kwenye barabara ya Eldoret kuelekea Kitale, mahali ambapo Kaunti ya Uasin Gishu inakaribiana na Trans Nzoia na Kakamega. Wakazi wake ni Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Daktari naye amesomea taaluma yake kwa Kiingereza. Mgonjwa akisema "nina kifua," huenda anamaanisha pumu, homa ya mapafu, kichomi au kikohozi cha siku tatu. Akiambiwa alete "mate" ili yapimwe, atatema mate, ilhali kinachohitajika maabarani ni makohozi yanayotoka ndani kabisa ya kifua. Kipimo kinaweza kukosa viini kwa sababu ya neno moja tu.

Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa muda wa miezi sita: dawa nne katika miezi miwili ya kwanza, kisha mbili kwa miezi minne. Moja ya dawa hizo, rifampisini, hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au nyekundu. Jambo hilo halina madhara, lakini asiyeonywa mapema hudhani anakojoa damu. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurejea, na mgonjwa anayelipwa kwa kibarua cha siku haoni sababu ya kupoteza siku nzima akifuata dawa. Ni lazima aelezwe tangu siku ya kwanza kwamba nafuu hiyo si kupona, na kwamba viini vinavyosalia vinaweza kuwa sugu, visiue tena kwa dawa zile zile.

Kuna pia suala la aibu. Mgonjwa anapotajiwa kifua kikuu, wengi husikia Ukimwi. Ni kweli kwamba maradhi hayo mawili huandamana mara nyingi, ndiyo maana kipimo cha virusi hutolewa kwa wagonjwa wa kifua kikuu, lakini wapo wengi wenye kifua kikuu wasio na virusi hivyo. Daktari anayemwambia mgonjwa "unaambukiza" kisha akanyamaza humrudisha nyumbani akatengewe kikombe na sahani. Ukweli ni kwamba ugonjwa huu husambaa kwa hewa, wala si kwa vyombo. Kufungua madirisha kunasaidia zaidi, na uambukizaji hupungua haraka dawa zinazofaa zinapoanza kufanya kazi.

Gharama ya kutoelewana ilidhihirika katika kaunti jirani ya Nandi. Mnamo Agosti 2010, mahakama ya Kapsabet iliamuru wagonjwa waliodaiwa kukatiza dawa wazuiliwe katika gereza la mji huo kwa miezi minane ili watibiwe huko. Gereza lenye msongamano, kwa ugonjwa unaoenea kwa hewa! Waliachiliwa baada ya siku 46. Mnamo Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu kulikiuka Katiba. Kabla ya hapo, mwaka wa 2013, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeacha kuwaita wagonjwa wa aina hiyo kwa jina lenye lawama, na sasa huhesabiwa kuwa waliopotea katika ufuatiliaji.

Si kifua kikuu pekee. Mwanamke anayepumua kwa shida akiulizwa "unavuta sigara?" atajibu la, na atakuwa amesema kweli. Asipoulizwa kuhusu jiko, miaka 30 ya moshi wa kuni na magunzi ya mahindi haitaingia katika maelezo yake, na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa unaweza kudhaniwa kuwa pumu au kifua kikuu kilichorudi. Ugonjwa huo hauponi, ingawa unaweza kutulizwa. Kusema hivyo ni kugumu, na ndiyo sababu madaktari wengi hulikwepa neno hilo.

Sheria haiwaruhusu kulikwepa ovyo. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa kadiri inavyowezekana na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu.

Njia rahisi ya kuhakikisha hayo ni kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakavyofanya akifika nyumbani. Swali la "umeelewa?" halitoshi, kwani mbele ya daktari karibu kila mtu hujibu ndiyo. Mgonjwa akisema atameza dawa "mpaka kikohozi kiishe," daktari atajua kwamba suala la miezi sita halijaeleweka, na itambidi aanze kueleza upya.