Pumba Si Dawa ya Kila Tumbo



Tunapotembelea mashamba na viwanda tunapokea malalamiko mengi juu ya mishahara na mizani. Lakini liko lalamiko moja ambalo watu hutuambia pembeni, mkutano ukiisha. Nalo ni kukosa choo. Mtu hukaa siku tatu au nne bila kwenda haja kubwa, tumbo linauma na kujaa hewa, na akiomba ruhusa msimamizi humwita mvivu. Jambo hili si la aibu. Ni jambo la afya, na nguvu za mwili ndizo mtaji wetu.

Mwenzetu mmoja, mchumaji wa chai, aliteseka hivyo kwa miezi mingi. Rafiki zake wakamshauri ale pumba za ngano kila siku. Akazila kwa bidii. Tumbo likavimba kama ngoma, maumivu yakazidi, akapoteza siku za kazi na ujira wake. Hospitali wakampima, wasione kidonda wala minyoo. Wakamwambia ana ugonjwa wa utumbo msumbufu, ambao madaktari huuita IBS.

Ugonjwa huu ni nini? Ni maumivu ya tumbo yanayorudi mara kwa mara na kufuatana na haja kubwa, huku choo kimebadilika. Wengine huharisha, wengine hufunga choo, na wengine hupata yote mawili kwa zamu. Utumbo hauna jeraha, ila mwendo wake umeharibika na wepesi wake wa kusikia maumivu umezidi. Kwa hiyo mgonjwa hasingizii.

Ushauri wa pumba una historia, na historia hiyo inapita hapa Uganda. Daktari Denis Burkitt alifika nchini mwaka 1946, akafanya kazi hapa hadi miaka ya 1960. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa taarifa kwamba wanakijiji wa Uganda, waliokula vyakula visivyokobolewa, walipata choo laini na kingi, zaidi ya gramu 400 kwa siku. Waingereza waliozoea mkate mweupe walipata kama gramu 100 tu, tena kwa kuchelewa. Tofauti ilikuwa nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Tangu hapo madaktari wengi wa Ulaya wakawapa pumba wagonjwa wengi wa utumbo.

Burkitt hakukosea juu ya utumbo mzima. Lakini utumbo msumbufu una tabia yake. Mwaka 1994 madaktari wa Manchester, Uingereza, waliwauliza wagonjwa 100 wa aina hiyo. Zaidi ya nusu walisema pumba ziliwazidishia ugonjwa, na mmoja tu katika kila kumi alisema zilimsaidia. Mwaka 2009 huko Uholanzi wagonjwa 275 walijaribiwa kwa wiki 12. Kundi moja lilipewa pumba, la pili maganda ya mbegu za isabgol, na la tatu unga wa mchele tu. Isabgol ilisaidia kuliko unga wa mchele. Pumba hazikuonyesha faida ya kutegemewa, na baadhi ya waliozila waliacha kwa kuwa hali yao ilizidi kuwa mbaya.

Sababu ni kwamba nyuzinyuzi ziko za namna mbili. Namna ya kwanza hunywa maji ikawa kama ute. Hulainisha choo na kukipitisha polepole bila kukwaruza. Hupatikana katika isabgol, uji wa oti, bamia, karoti na machungwa. Namna ya pili ni ngumu, haiyeyuki, kama pumba za ngano. Hiyo huusukuma utumbo kwa nguvu, na utumbo uliokwisha kusumbuka hujibu kwa maumivu na kujaa hewa.

Basi mwenye ugonjwa huu na anayefunga choo afanye hivi:

Kwanza, aache kujilazimisha pumba.

Pili, aongeze nyuzinyuzi laini kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Akizidisha kwa siku moja atajaa hewa.

Tatu, akitumia isabgol, aanze na kijiko kidogo katika glasi nzima ya maji, anywe mara moja, kisha aongeze maji mengine. Asiimeze kavu hata kidogo, kwani huvimba na inaweza kumkaba kooni.

Nne, maharage yana faida lakini huleta hewa. Yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, yapikwe mpaka yaive kabisa, na aanze na sahani ndogo.

Tano, asizuie haja inapomjia. Choo kinachokaa ndani hunyonywa maji kikawa kigumu. Kwa wengi haja huja asubuhi baada ya kula.

Nyuzinyuzi husaidia choo kutoka, lakini si lazima ziondoe maumivu yote. Yakiendelea, daktari anazo dawa nyingine. Na mtu asijipachike jina la ugonjwa huu mwenyewe. Akiona damu katika choo, akikonda bila sababu, akiwa na homa au upungufu wa damu, au shida ikimwanza akiwa amepita miaka 50, aende hospitali upesi. Akifunga choo kabisa na kutapika, asingoje hata siku moja.

Sasa tuseme la chama. Nyuzinyuzi bila maji ni bure, na mchumaji asiye na maji shambani, wala choo karibu, atajinyima kunywa ili asisumbuliwe na haja. Sheria ya usalama na afya kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa na vyoo. Kwa hiyo wajumbe wetu wa matawi wakague: maji yako umbali gani na mistari ya kazi? Choo kiko wapi? Je, mtu hukatwa ujira kwa kwenda chooni? Majibu yaandikwe na yaletwe katika mkutano wa tawi, yaingie katika madai yetu kwa mwajiri.

Anayeteseka kimya asiachwe peke yake.

Umoja ni nguvu.