Usilitupe Ganda la Chungwa

Mkulima, msimu wa machungwa ukifika utaona magunia kutoka Shimba Hills yakivuka Likoni kwa feri, na mengi hushushwa soko la Kongowea. Siku hizo bei hushuka, na kazi yako ya mwaka mzima huuzwa kwa fedha kidogo. Mnunuzi naye hula nyama ya tunda, ganda akalitupa. Makala haya ni juu ya ganda hilo, kwani ndani yake mna vitu ambavyo viwanda vya nchi nyingine huvitafuta.

Kwanza niseme neno juu ya rangi. Machungwa yetu ya pwani huiva yakiwa bado na ganda la kijani, na watu wengi huyadharau wakachagua ya manjano yatokayo ng'ambo. Sababu ni joto tu. Chungwa huhitaji usiku wa baridi ili ukijani wa ganda uondoke, na usiku wa namna hiyo Kisauni au Changamwe hatuujui. Tena yale ya ng'ambo mara nyingi hupakwa nta na dawa ya kuzuia ukungu ili yastahimili safari, kwa hiyo maganda yake si mazuri kwa kupikia. Ganda lako la kijani, kama hukulipulizia dawa, lafaa zaidi.

Sasa litazame ganda lenyewe. Upande wa nje una vidoto vingi, navyo ni vifuko vya mafuta. Ukilikunja karibu na mshumaa utaona mafuta yakiruka na kuwaka. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni limonene, inayotumiwa kutia harufu katika vyakula na sabuni. Ndani yake kuna sehemu nyeupe ambayo wengi huikwangua kwa sababu ni chungu. Humo ndimo ilimo pektini, iliyopewa jina mwaka 1825 na mtaalamu Henri Braconnot wa Ufaransa. Pektini ndiyo inayogandisha jamu, nayo hupunguza kidogo mafuta ya kolesteroli katika damu. Na vitamini C je? Gramu 100 za ganda la chungwa zina kiasi cha miligramu 136, hali gramu 100 za nyama yake zina 53 hivi. Lakini nyingi hupotea motoni, basi asikudanganye mtu kuwa jamu ni dawa.

Tunda lifaalo zaidi kwa kazi hii ni lile lisiloliwa, yaani danzi. Chukua kilo 1 ya madanzi, uyaoshe vizuri na kuyakamua. Kata maganda vipande vyembamba. Kokwa na nyuzi zifunge katika kitambaa safi, kwa maana zina pektini nyingi. Loweka vyote pamoja na maji ya madanzi katika lita 2 na nusu za maji usiku kucha. Asubuhi chemsha kwa moto mdogo hata maganda yalainike kabisa, kiasi cha saa mbili. Usitie sukari kabla ya hapo, kwa sababu ganda likikutana na sukari halilainiki tena. Toa kitambaa, ukikamue, ndipo utie sukari kilo 2 na kuzidisha moto. Kujua kama imeiva, dondosha kidogo katika sahani baridi. Ukiisukuma kwa kidole ikajikunja, ipua. Itie ingali moto katika chupa zilizochemshwa.

Akina mama wa Mombasa hawakungoja ofisi ya kilimo iwafundishe mambo ya maganda. Achari ya ndimu hutengenezwa na ganda lake, kwa chumvi na jua, mpaka uchungu upungue na ganda lilainike.

Maembe ni habari nyingine. Ganda la embe lina manjiferini na nyuzinyuzi nyingi, na huweza kukaushwa na kusagwa. Lakini mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na utomvu wake huwasha. Mtu anayetokwa na vipele mdomoni akila embe asiguse ganda lake. Na ganda la korosho lisijaribiwe kabisa. Mafuta yake huunguza ngozi.

Jambo jingine la hatari lisilojulikana na wengi: balungi na danzi huzuia mwili usivunje baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi za presha, hata dawa ikazidi katika damu. Anayemeza vidonge kila siku amwulize mganga wa hospitali kabla ya kula jamu hiyo.

Ukitaka kuuza chupa zako dukani, yakupasa kupata alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Uliza habari hizo kabla ya kununua chupa nyingi. Na ikiwa wapulizia michungwa dawa ya wadudu, soma karatasi iliyobandikwa katika chupa ya dawa na uhesabu siku za kungoja kabla ya kuchuma. Dawa hubaki zaidi katika ganda kuliko katika nyama ya tunda.